Fundi, Saraka Imegoma Kuzimika

Barua za safari hii zimekuja kama zimeagana njiani. Karibu zote zinahusu seva za saraka, zile zinazotunza majina ya watumiaji, nywila na vikundi vyao, na kwa jinsi zilivyoandikwa naona nyingi zimetoka kwa watu ambao hawajalala. Naanza na iliyoniuma zaidi.

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza seva mbili za 389 Directory Server, programu ya saraka. Juzi usiku nilitakiwa kuzima moja tuiongezee diski. Niliandika systemctl stop, amri ya Linux ya kuzima huduma, mshale ukabaki unapepesa tu, hakuna jibu. Baada ya kama dakika moja nikaona imeganda, nikafungua terminali ya pili nikaipiga kill -9. Ilizimika papo hapo, nikafurahi. Kasheshe ikawa kuiwasha: ilikaa zaidi ya nusu saa ndipo ikaanza kuitikia, na muda wote huo bosi yuko kwenye simu. Je, diski mpya ndiyo mbovu? — *Wa Zamu ya Usiku*

JIBU: Marahaba, na pole. Diski yako usiisingizie. Aliyekuponza ni ule mshale. systemctl ikishatuma ombi la kuzima haisemi neno, inanyamaza mpaka kazi iishe au muda uishe, na mtu aliyechoka akiona kimya cha dakika nzima anadhani amekutana na maiti.

Tuseme instansi yako, yaani seva moja ya saraka kati ya zinazoweza kukaa kwenye mashine moja, inaitwa kuu. Ukiandika

`systemctl stop dirsrv@kuu`

kinachokwenda kwa seva ni SIGTERM, ishara namba 15. Hiyo ni kuombwa, siyo kupigwa. Seva ikishaombwa inaacha kupokea wageni wapya kwenye milango 389 na 636, inawaacha waliomo ndani wamalize walichoanza, inafunga plagini moja moja, inamwaga kwenye diski kurasa zote za hifadhidata zilizobadilika zikiwa bado kwenye kache, inaandika pia imefika wapi katika kupeana mabadiliko na seva mwenzake, ndipo inatoka. Kwenye saraka yenye kache kubwa na diski ya kuzunguka, kumwaga huko peke yake kunaweza kula dakika kadhaa.

Ishara namba 9, SIGKILL, haifiki kwa seva kamwe. Inaishia kwenye kerneli, kiini cha mfumo, na kerneli inaufuta mchakato bila kuuliza. Seva haipati hata nafasi ya kusema ngoja. Ndiyo maana ilizimika papo hapo, na ndiyo maana ulilipa nusu saa baadaye.

Hiyo nusu saa ilikwenda wapi? Kwenye matoleo yanayotumia hifadhidata ya Berkeley DB, seva ikifunga kwa ustaarabu huacha ndani ya folda ya hifadhidata faili dogo liitwalo guardian. Ikiwaka, kabla ya kufanya lolote, inalitafuta. Likiwepo inalisoma, inalifuta, maisha yanaendelea. Lisipokuwepo, seva inajua kwamba safari iliyopita haikuaga, na inaandika kwenye logi:

`Detected Disorderly Shutdown last time Directory Server was running, recovering database.`

Hapo inaanza kupitia kumbukumbu za miamala na kurudisha hifadhidata kwenye hali inayoaminika. Na kwa kuwa yako inanakiliana na mwenzake, huenda ikalazimika pia kujenga upya hesabu ya mabadiliko yote iliyokwisha kuyapokea na kuyatoa. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Nakupongeza kwa jambo moja ambalo wewe mwenyewe hukuliona: hukuipiga kill ya pili wakati inajiponya. Wengi hufanya hivyo, na hapo ndipo nusu saa inageuka kuwa kurudisha kila kitu kutoka nakala rudufu.

Sasa nikuonyeshe ninavyofanya mimi, maana tangu nianze hivi sijawahi kutishwa na mshale. Nafungua terminali mbili kabla sijagusa chochote. Ya kulia naiweka kwenye logi ya makosa:

`tail -f /var/log/dirsrv/slapd-kuu/errors`

Ya kushoto ndiyo natolea amri, kwa dsctl, zana ya 389 yenyewe ya kuwasha na kuzima:

`dsctl kuu stop`

Kisha macho yangu yote yanahamia kulia. Mstari wa kwanza una maneno `slapd shutting down - signaling operation threads`. Slapd ni programu ya seva yenyewe. Maana yake ombi limepokelewa, wafanyakazi wa ndani wameambiwa waweke zana chini. Ukikwama hapa kwa muda, kuna mteja aliyeuliza swali zito na bado anajibiwa. Unafuata `closing down internal subsystems and plugins`. Hapa ndipo kimya huwa kirefu, na hapa ndipo mkono wako ulikwenda kwenye kill. Tulia. Baadaye unaona `Waiting for 4 database threads to stop`, au idadi nyingine, halafu `All database threads now stopped`, na mwisho kabisa:

`slapd stopped.`

Ukiuona huo ndipo uchomoe diski. Kabla ya hapo seva bado iko kazini hata kama milango imefungwa. Usiifuate logi ya access kwa kazi hii. Kwa kawaida ile huandikwa kwa mafungu, inakaa kwenye bafa kwanza, kwa hiyo inaweza kukuonyesha ukimya wakati mambo yanakwenda, au ikakumwagia mistari mia ya dakika iliyopita ukadhani ni ya sasa.

Kuna mwingine mwenye rungu ambaye hukumtaja: systemd mwenyewe, msimamizi wa huduma wa Linux anayepokea amri za systemctl. Asipoelekezwa vingine, anaisubiri huduma ifunge kwa sekunde 90, zikiisha anaipiga SIGKILL bila kukuuliza. Wewe ulimwahi kwa sekunde thelathini tu! Angalia instansi yako imepewa muda gani:

`systemctl show -p TimeoutStopUSec dirsrv@kuu`

Ukiona ni mfupi kuliko inavyohitaji, andika `systemctl edit dirsrv@kuu` na kwenye faili litakalofunguka weka mistari miwili:

`[Service]`
`TimeoutStopSec=600`

Hizo ni dakika 10. Saraka yangu kubwa kuliko zote haijawahi kuzimaliza, lakini napenda ziwepo.

Na ikiwa kweli imekwama? Hutokea, siwezi kukudanganya. Kabla ya kuamua, angalia kama diski inaandikwa na kama mchakato wa ns-slapd unatumia prosesa. Kimojawapo kikisogea, iko hai, iache. Vyote viwili vikikaa sifuri kwa dakika kumi na logi haijaongeza mstari, chukua kwanza picha ya ilipokwama kwa `pstack` na namba ya mchakato, uihifadhi kwenye faili, kwa sababu kesho utaulizwa na hutakuwa na la kujibu. Hapo kill -9 ni halali. Ila ukiwasha tena, jipangie kungoja, na mwambie bosi mapema itakuwa muda gani ili simu ipumzike.

Kabla hamjaniandikia: ndiyo, kuna hifadhidata zisizohitaji tiba hiyo. LMDB, inayotumiwa na OpenLDAP, seva nyingine ya saraka, na sasa pia na matoleo mapya ya 389, haiandiki juu ya kurasa zinazotumika. Inaandika pembeni kisha inageuza kielekezi, kwa hiyo hata ikikatwa katikati, ukurasa wa zamani uko palepale. Hilo ni zuri sana, lakini halimsaidii mteja aliyekatwa katikati ya sentensi, na mtu aliyezoea rungu kwenye seva moja ataenda nalo kwenye nyingine.

SWALI: Ndugu fundi, nimebadilisha kikomo cha matokeo ya utafutaji ndani ya dse.ldif, faili la mipangilio ya 389, nikahifadhi, nikawasha seva upya kwa systemctl restart. Nikifungua faili, badiliko langu halipo! Ruhusa za faili ziko sawa. Nani anafuta? — *Nimeandika Mara Nne*

JIBU: Seva yenyewe ndiyo inayofuta, na ina haki. Ikiwaka inasoma dse.ldif mara moja, mipangilio yote inakaa kwenye kumbukumbu, na ikifunga inaandika faili upya kutoka kwenye kumbukumbu hiyo. Wewe umeandika wakati iko hewani. Uliposema restart, ikafunga, ikamwaga ya kwake juu ya yako, ikawaka na ya zamani. Mara nne.

Nakuonea huruma kwa sababu mimi nilifika mara sita. Nilikuwa mgeni kazini, naona aibu kuuliza, nikahisi labda kuna programu ya usalama inayorudisha mafaili. Nikakesha naitafuta. Asubuhi mwenzangu mmoja akaja na kikombe chake, akasimama nyuma yangu, akatazama nikifanya, akasema maneno mawili: "Izime kwanza." Akaenda zake.

Basi: `dsctl kuu stop`, subiri `slapd stopped.`, nakili faili pembeni, hariri, kisha `dsctl kuu start`. Ukikosea herufi na ikakataa kuwaka, usilie. Kwenye folda hiyohiyo, /etc/dirsrv/slapd-kuu, kuna dse.ldif.startOK, nakala ya mipangilio iliyowaka salama mara ya mwisho. Linganisha mawili hayo kwa `diff` na kosa litajitokeza lenyewe.

Lakini kwa jambo ulilotaka hukuhitaji kuzima kitu. Seva ikiwa hewani iambie moja kwa moja:

`dsconf kuu config replace nsslapd-sizelimit=5000`

Inakubali hapohapo na inaandika faili yenyewe. Kuna vigezo vichache visivyoanza kazi mpaka seva iwashwe upya, kama namba ya mlango, lakini hata hivyo unavibadilisha kwa njia hii kisha unawasha upya. Mimi siku hizi naligusa dse.ldif kwa mkono tu pale seva imekataa kabisa kuwaka.

SWALI: Fundi, nafuata maelekezo ya zamani yanayosema nitumie start-dirsrv na stop-dirsrv. Kwenye mashine yangu amri hizo hazipo. Nimejaribu pia `systemctl start dirsrv@slapd-kuu` ikakataa. Nimesakinisha vibaya? — *Mwanafunzi*

JIBU: Hukusakinisha vibaya, umesoma kitu kilichopitwa. Seva hii imebadilisha nguo mara nyingi. Ukoo wake unaanzia kwenye slapd ya Chuo Kikuu cha Michigan, ukapita Netscape, Red Hat wakainunua mwaka 2004, ikaitwa Fedora Directory Server, na mwaka 2009 ikachukua jina la 389, kutokana na namba ya mlango wa LDAP, lugha ya kuzungumza na saraka. Kila nyumba iliyopita iliacha majina ya amri. Wa enzi za Netscape wanakumbuka start-slapd na stop-slapd. Zikaja start-dirsrv na stop-dirsrv. Kuanzia toleo la 1.4 hizo zote zimewekwa kando, na mkononi una dsctl kwa kazi za mashine uliyokaa nayo, na dsconf kwa mipangilio ya seva iliyo hewani.

Kuhusu kukataliwa: folda inaitwa slapd-kuu, lakini kwa systemctl jina ni kuu tu, bila slapd. Karibu kila mtu hujikwaa hapo. Ukisahau instansi zako zinaitwaje:

`dsctl -l`

Na kama zipo kadhaa kwenye mashine moja na unataka zote zizimike kwa pamoja, ni `systemctl stop dirsrv.target`. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Jambo jingine kwa kuwa ndiyo unaanza. `start` inawasha sasa hivi tu. Kompyuta ikiwashwa upya kesho, seva haitawaka kama hukusema `systemctl enable dirsrv@kuu`. Amri hizi mbili hazijuani: unaweza kuwa na seva inayofanya kazi ambayo haijaandikishwa, na iliyoandikishwa ambayo imelala.

SWALI: Yangu imeandikishwa kabisa na enable, lakini kila mashine ikiwashwa upya saraka haiwaki mpaka niende mwenyewe nikaandike nywila ya cheti. Nimechoka kuamka. — *Jirani wa Rafu*

JIBU: Ufunguo wa TLS, usimbaji wa mawasiliano, umefungiwa kwenye hazina yenye nywila, na asubuhi hakuna mtu wa kuijibu. Tengeneza faili pin.txt ndani ya /etc/dirsrv/slapd-kuu lenye mstari mmoja:

`Internal (Software) Token:nywila-yako`

Nukta mbili hazifuatwi na nafasi. Mwenye faili awe mtumiaji dirsrv, ruhusa 0400, asisome mwingine. Instansi zinazoundwa kwa dscreate siku hizi huja nalo tayari, kwa hiyo nadhani yako ni ya zamani au kuna mtu aliyelifuta kwa nia njema. Usiku wa leo, kabla hujaliweka, ukikuta imekwama inangoja nywila, `systemd-tty-ask-password-agent` itakuletea swali kwenye terminali yako.

SWALI: Natumia OpenLDAP. Nilizima slapd, nikaingiza data kwa slapadd, kila kitu kikaenda vizuri. Kuwasha, slapd inakufa hapohapo. — *Root*

JIBU: Umejijibu kwa jina ulilosaini. Uliendesha slapadd ukiwa root, msimamizi mkuu wa mashine, kwa hiyo mafaili ya hifadhidata yamezaliwa yakiwa mali ya root, na slapd inayofanya kazi kama mtumiaji mnyonge haiwezi kuyafungua. Rudisha umiliki kwa `chown -R` kwenye folda ya data. Kwenye Debian mtumiaji anaitwa openldap, kwenye jamaa za Red Hat ni ldap. Kuzima kabla ya slapadd ulifanya vyema, hilo ni lazima.

Safari nyingine, slapd ikifa kimya, iwashe mbele ya macho yako badala ya nyuma ya pazia: `slapd -d 1` pamoja na vigezo vyako vya kawaida, vikiwemo vya mtumiaji na kikundi. Itabaki kwenye terminali na kukuambia inachokufia. Ukimaliza kusoma, Ctrl-C inaifunga kistaarabu.

SWALI: systemctl status inaniambia active (running), rangi ya kijani kabisa, lakini watumiaji hawaingii. Nimwamini nani? — *Kijani*

JIBU: Waamini watumiaji. Kijani kinasema mchakato upo, hakisemi kama seva inajibu. Iulize yenyewe:

`ldapsearch -x -H ldap://localhost -s base -b "" namingContexts`

Ukijibiwa kwa majina ya mizizi ya saraka yako, LDAP ni nzima na tatizo liko mbele yake: ukuta wa moto, jina la mashine, au cheti kilichokwisha muda. Ukipata `Can't contact LDAP server (-1)`, hakuna anayesikiliza kwenye mlango huo, na `ss -ltn` itakuonyesha kama 389 iko wazi au la. Ukijibiwa lakini mzizi wenye watumiaji haumo kwenye orodha, seva imewaka na hifadhidata hiyo haikufunguka. Rudi kwenye logi ya errors.

Uliza pia kutoka mashine nyingine, siyo localhost peke yake. Niliwahi kupoteza saa mbili kwa kutofanya hivyo.

SWALI: Upande wa Windows, je? Lazima niwashe mashine nzima upya ili nishughulikie Active Directory, saraka ya Microsoft? — *Dirisha*

JIBU: Tangu Windows Server 2008, hapana. `net stop ntds` inasimamisha saraka, `net start ntds` inairudisha. Itakuorodheshea huduma zinazoitegemea, mojawapo ile ya Kerberos inayothibitisha watumiaji, na kukuuliza kama uko tayari zizimike nazo. Hakikisha kidhibiti kingine cha domeni kiko hai kabla ya kujibu ndiyo, la sivyo utabaki na nywila ya urejeshaji uliyoiweka siku ya usakinishaji. Unaikumbuka?

SWALI: Nina seva nne zinazonakiliana na nataka kuzizima zote kwa zamu. Nianze na ipi? — *Nne*

JIBU: Yoyote isiyotazamwa na wateja wengi, ila moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikirudi, usiiguse ya pili mpaka uone mabadiliko yaliyofanyika wakati imelala yameifikia. Jaribio langu ni la kishamba: naongeza neno kwenye sehemu ya maelezo ya akaunti ya majaribio kwenye seva iliyo hai, kisha nalitafuta kwenye ile iliyotoka kuwashwa. Likionekana, naendelea na inayofuata.

Na usiiache moja imezimwa ukaisahau. Kwenye 389, kumbukumbu za vilivyofutwa hutunzwa kwa kawaida siku 7, yaani sekunde 604,800 kama utakavyoiona kwenye nsds5ReplicaPurgeDelay. Ikikaa nje kuliko hapo, usiiwashe ijiunge hivihivi. Iingizwe data upya kutoka kwa mwenzake.